Mhudumu Aliyemwaga Chai

"Rudisha nyuma," Mama aliniambia.

Nikarudisha filamu. Yule mpelelezi wa kuchekesha, suruali pana kama gunia, alikimbia tena ndani ya hoteli moja ya Mombasa akimfukuza jambazi. Akamgonga mhudumu, chai ikamwagika. Mhudumu akacheka, akainama kuokota sinia.

"Simamisha hapo hapo!"

Mkono ulioshika sinia ulikuwa na vidole vinne. Cha tano kilikatwa na kamba ya nyavu, Mama alinisimulia mara nyingi. Na uso ulikuwa ule ule wa picha iliyo ukutani kwetu hapa Kaloleni.

Baba.

Nilinyakua jalada la DVD. Filamu ilikuwa imetolewa upya mwaka huu, lakini ilitengenezwa 1978. Baba alizama ziwani 1974, mimi nikiwa bado tumboni. Mwili haukupatikana, kwa hiyo walizika tunda la mti wa yago badala ya mwili, kama desturi yetu ilivyo. Kisha Mama akarithiwa na mdogo wake Baba, Nyangweso.

Nyangweso alikuwa ameketi papa hapa nasi. Dakika moja tu iliyopita alikuwa akicheka mpaka akakohoa.

"Watu hufanana," alisema.

Mama hakuitazama tena runinga. Aligeuza kiti chake polepole, akamwelekea.

"Mzee, siku hiyo mlikuwa wawili tu kwenye mtumbwi," alisema. "Hebu niambie tena vile alizama."