Roboti wa Vidole Vinne

Chiku, mhakiki wa vitabu gazetini, alifunua katuni za Masumbuko: juzuu sita za roboti wanaotawala Mwezi na kuwatoza raia kodi ya kivuli.

"Mbona roboti wote wana vidole vinne?"

"Hilo ni fumbo, dada. Serikali haikosi upungufu," alijibu Masumbuko, aliyeketi mbele yake.

Chiku alitabasamu. Marehemu kaka yake alikuwa akichora roboti akiutazama mkono wake mwenyewe, uliopoteza kidole kwenye mashine ya kusaga. Madaftari yake ya michoro yalitoweka wiki ile Masumbuko alipolala kwao matangani.

Chiku aliandika sentensi ya kwanza ya uhakiki, akamsogezea Masumbuko asome. Ilianza kwa jina la marehemu.

"Sasa nitajie lako kamili," alisema, "gazeti lisije likakosea."

Kalamu ya Chiku ilikwisha gusa karatasi nyingine. Masumbuko alitazama mlango uliokuwa wazi.