Furushi Moja la Majoho

Kitu cha kwanza alichokiona dobi ni kwamba furushi lilikuwa moja.

Mwaka mzima majoho ya kwaya yalikuwa yakija mafurushi mawili, maana mwalimu wa kwaya na mama wa sauti ya pili walikuwa hawasalimiani. Mmoja akiingia uani, mwenzake husubiri nje ya geti. Dobi, binti mwenye haya, alizoea kuanika majoho yao huku akiimba nyimbo zao kwa sauti ya chini, na kila mara alijiapiza kwamba kwenye kwaya ya watu wa kununiana hatatia mguu.

Leo waliingia pamoja, kila mmoja ameshika upande wake wa furushi.

"Mama zangu, kulikoni?"

"Nilimkosea mwenzangu," alisema mwalimu. "Jana nimemwomba radhi mbele ya kwaya nzima."

"Akalia mpaka makamasi," alidakia mwenzake. "Ningefanyaje? Nikalia na mimi."

Walicheka, wakakunja mikono ya magauni wamsaidie kazi. Joho la kwanza lilitoka kwenye beseni likiwa zito kama mtoto aliyelala. Wakalikamua wawili, mmoja akisokota huku na mwingine kule, wakivutana na kucheka, hadi maji yakawamwagikia miguuni na tone la mwisho likaisha.

Dobi alilipokea, lakini hakulianika. Alilipima mabegani mwake.

"Hili niachieni," alisema, na safari hii sauti yake ilifika getini. "Jumapili nakuja kuimba na nyinyi."