Gari Lilikuwa Wapi?

Jumamosi ya tarehe 14 Machi 2015, saa tisa alasiri, Tupokigwe alikata roho juu ya mkokoteni wa ng'ombe, hatua mia tatu kabla ya barabara kubwa, mtoto akiwa bado tumboni. Gari la wagonjwa la kituo cha afya halikuwepo.

Saa hiyo mumewe, Anyosisye, ambaye nyumbani aliitwa Baba Gloria kwa jina la binti yao, alikuwa Tunduma, gitaa begani, anajaribu sauti jukwaani. Lori walilokodi lilikuwa limezama kwenye tope la Itaka tangu alfajiri, lakini Bendi ya Radi haikuwa bendi ya kukosa onyesho. Ilifika na vyombo vyake vyote, hata yale maspika mapana kama milango ya kanisa. Simu ilipomfikia, ndiyo kwanza alikuwa anakaza nyuzi.

Tangu siku hiyo hakuna mkubwa aliyepata raha mbele yake. Kila mkutano wa kijiji alisimama, kofia mkononi, akauliza swali lake moja: "Gari lilikuwa wapi?" Mganga wa kituo alijibu kwamba yeye siku ile alikuwa Vwawa kikazi. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Dereva wa gari hilo, Ferdinand, alifukuzwa kazi, akavuka mpaka kwenda kuuza mchele Nakonde, na hakumtaja mtu.

"Amezibwa mdomo," Anyosisye aliwaambia watu kilabuni. "Wakubwa wanalindana. Sisi wa darasa la nne tutawafanya nini?"

Watu waliinamisha vichwa, wakanywa.

Bendi nayo ikafa. Roki ile ya magitaa ya umeme, waliyojifunza ujanani kwa kusikiliza redio za Zambia, ikabaki vichwani mwa watu wazima wenye mvi. Mwaka 2019 walianza kutengeneza albamu ya kurudi. Mpiga ngoma akahamia Ndalambo kulima ufuta. Studio ya kwanza ikafungwa. Wakarekodi nyimbo saba kwenye studio ya pili, kompyuta ikaungua pamoja nazo. Wakaanza upya, na safari hii zikatimia tisa. Ulibaki mmoja tu, ule wa Tupokigwe.

Maana sauti ya Radi ilikuwa Tupokigwe. Wimbo wake wa mwisho aliuimba uani kwake asubuhi ya siku ile ile, tumbo limetangulia mbele, na Nsajigwa akaurekodi kwa simu. Nsajigwa ndiye kiongozi wa bendi, tena kaka wa marehemu. Kwa miaka kumi alikuwa akisema memori kadi ya simu ile imepotea.

"Imepotea au umeiuza, shemeji?" Anyosisye alimuuliza kila walipokutana.

"Imepotea."

"Na wewe umekuwa mkubwa siku hizi. Wakubwa wote kazi yenu kuficha."

Nsajigwa hakuwahi kumrudishia tusi. Hilo lilimchoma Anyosisye kuliko tusi lenyewe.

Jumatano iliyopita walikuwa studio, Tunduma, ng'ambo ya reli. Nsajigwa alitoka kununua vocha. Anyosisye akafungua kasha la gitaa la shemeji yake akitafuta waya, na chini ya kitambaa akakuta kitu kidogo kimefungwa kwa plasta. Juu yake pameandikwa kwa kalamu: *Dada, 14/3.*

Alibandua plasta, akaiona memori kadi. Alimpa Jenista, fundi mitambo, msichana asiyejua habari zao. "Weka hii, mwanangu. Sauti juu."

Nsajigwa alirudi, akaganda mlangoni.

"Shemeji, nakuomba. Wimbo huo Diana, mwimbaji wetu wa sasa, atauimba upya. Atauweza."

"Mwizi wewe! Miaka kumi unalala na sauti ya mke wangu kwenye kasha!"

"Sikuiba."

"Basi ulikuwa unamlindia nani? Na sikiliza: albamu itaitwa *Gari Lilikuwa Wapi?* Iwafikie maofisini, iwakwame kooni."

"Jina hilo hapana, Anyosisye. Jina lolote, hilo hapana."

"Unaona?" Anyosisye alimgeukia Jenista. "Hata huyu wameshamnunua."

Wimbo ukaanza. Kwanza kuku wa uani, halafu gitaa lake mwenyewe, kali kama bati linalopasuka, halafu Tupokigwe. Alipanda na sauti mpaka pale ambapo wengine hukohoa, akakaa hapo juu, akashuka taratibu. Malori ya mpakani yalipiga honi nje na hakuna aliyeyasikia. Jenista alifuta macho kwa kanga. Anyosisye alilia waziwazi, bila kujificha.

Gitaa likanyamaza. Nsajigwa aliruka.

"Zima, Jenista! Wimbo umekwisha!"

Anyosisye alimkamata mkono, akausokota. "Usiguse! Kama kuna kikohozi chake humo, nakitaka. Kama kuna pumzi, nayo naitaka. Acha iende!"

Jenista akaacha iende.

Kwenye spika, viti vilisogezwa. Injini ikanguruma jirani, ikazimwa. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, changamfu, imejaa kicheko, na Jenista aliitambua kabla mwenyewe hajaitambua. Aligeuka kumtazama Anyosisye.

"Leta kinyumenyume mpaka hapa, Ferdinand! Hicho kitanda kishushe, maspika yapate pa kukaa. Mganga wenu yuko Vwawa, nani atauliza?"

Milango ya nyuma ya gari ikafunguliwa. Watu wakacheka. Halafu, karibu kabisa na simu, taratibu, akasikika Tupokigwe:

"Baba Gloria, sasa uchungu ukinishika leo, nitabebwa na nini?"