Mlango Usiosema Karibu

Kirusi cha mwaka huu kinaiga sauti za watu. Kinapiga hodi kwa sauti ya wifi au jirani yako kupitia spika ya mlangoni. Ukijibu "karibu" tu, mlango unakifungulia kompyuta zote za nyumba, na kufikia jioni jiko, friji na simu vimeshakuwa vyake. Ndiyo maana Jiji limepiga marufuku neno hilo. Siku hizi milango yenyewe ndiyo inayowahoji wageni, na asiye na namba ya siri haitikiwi hata salamu.

Juzi mlango wangu ulimweka jirani yangu Mashavu kwenye mvua, na sahani ya vitumbua mkononi, kwa sababu alisahau namba. Aliondoka na hajarudi tena.

Nikang'oa waya zote za mlango, nikapigilia komeo.

Afisa wa Jiji alifika mbio. "Bi Mwanjaa, umeiacha nyumba bila kinga."

"Kinga ndiyo hii. Huu sasa ni ubao, na kirusi hakili mbao."

"Na kikikupigia hodi kwenye spika za mtaani?"

"Nitakiitikia. Kwetu hodi haikosi karibu."

Leo alasiri nimesikia hodi, sauti ya Mashavu kabisa. Nimeondoa komeo, nikasema karibu, mtaa mzima usikie. Kisha nimekaa kuutazama mlango, maana kirusi hakina mkono wa kuusukuma.

Haujasogea.

Nimesema tena karibu, kwa sauti kubwa zaidi, ifike hadi nyumbani kwa Mashavu.