Swali la Kumi na Mbili

Shemsa aliliacha swali la kumi na mbili hadi mwisho, maana aliliogopa. Mhadhiri wa saikolojia alikuwa amewapa wanachuo dodoso la kumuuliza mzazi, na mama yake alikuwa akilijibu pale pale sokoni, huku akiwapimia wateja maharage kwa kopo na kumtilia kila mmoja konzi ya nyongeza.

"Kwa kipimo cha moja hadi tano," Shemsa akasoma bila kuinua macho, "unajivunia mwanao kiasi gani?"

Alikuwa akirudia mwaka wa pili. Moyoni alishajipa mbili.

"Tano ndiyo kopo limejaa?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi andika tano. Na nyongeza je?"

"Nyongeza haipo. Visanduku ni vitano tu."

Mama akaliweka kopo chini. "Nani huyo anayepima bila nyongeza? Hata mteja mgomvi namtilia, sembuse mwanangu?"

"Nitakatwa maksi, mama."

"Wakate."

Akachota konzi ya maharage, akayamimina juu ya karatasi, palepale penye tano. Kisanduku kikafunikwa, namba ikapotea, maharage yakatambaa hadi ukingoni na kuanza kumwagikia mapajani kwa Shemsa.

"Yanamwagika, mama!"

"Yaache yamwagike."

Shemsa akakinga sketi yake kwa mikono miwili. Mama akachota konzi nyingine.