Mpaka wa Mwisho Afike

"Mzee, panda gari. Nakuomba kama baba yangu."

Mzee hakugeuka. Aliendelea kuburuza raba zake katikati ya barabara tupu, fulana ya kijani ya mashindano imemganda mgongoni kwa jasho, mfuko wa nailoni ukining'inia mkononi.

"Ahsante, mwanangu. Nikionekana ndani ya gari la manispaa, majirani watasema nimekamatwa."

Dereva akashusha pumzi. Kazini walimwita Mkia, maana kila mwaka mbio za mji zikifika yeye ndiye huendesha gari la nyuma kabisa, la kuwazoa walioishiwa nguvu. Wengine wote alikwisha kuwazoa na kuwafikisha. Amebaki huyu, na huyu hazoleki.

Na Mkia alikuwa amechoka. Amechoka mgongo, amechoka macho, amechoka hata kulaani. Kule stendi ya mabasi, upande wa pili wa mji, binti yake wa pekee alikuwa anaondoka kwenda kufanya kazi nchi ya mbali, mkataba mrefu usio na likizo. Alimwahidi kwa kinywa chake mwenyewe: nitakuja kukuaga.

Akaiwasha redio ya mkononi. "Bosi, huyu wa mwisho mzima kabisa. Niruhusu nimwache, atafika mwenyewe."

"Thubutu!" Mkurugenzi wa utalii alifoka. "Umesahau ya mwaka jana?"

Nani angesahau? Mwaka jana walikunja utepe na maturubai huku mgeni mmoja bado yuko njiani anachechemea. Mgeni akaisimulia dunia nzima, na mwaka huu hoteli zikapiga miayo. Ndipo mji ukaapa: barabara haifunguliwi mpaka wa mwisho afike. Sasa wakaguzi wa shirikisho la riadha wako jukwaani, wanapima kama mji unafaa kupewa mashindano ya bara zima. Kila kitu kilipakwa rangi upya. Fulana tu ndizo zilibaki zile zile za mwaka jana, kwa kuwa fedha ziliishia kwenye maua.

Mkia akasogeza gari ubavuni mwa mzee. "Namba yako iko wapi?"

"Namba? Simu yenyewe nimeibiwa, mwanangu."

Maskini, jua limempiga utosini, Mkia akawaza. "Lakini hujachoka?"

"Kuchoka nimechoka. Ila njia hii naipita kila siku, miguu inaijua."

Kila siku! Mkia akamwonea huruma kwelikweli. Mtu ajifue mwaka mzima, halafu ashike mkia.

Kando ya barabara watu walipiga makofi. "Komaa, mzee! Bado kidogo!" Wengine wakamkimbilia na maji. Mzee alipokea kila kikombe kwa mikono miwili na kuwaombea dua, na kila dua ilimlia Mkia dakika zake.

Simu ikaita.

"Baba, uko wapi? Wameanza kupandisha abiria."

"Mwambie dereva asubiri kidogo tu, mama."

"Basi halimsubiri mtu, baba. Usijali. Najua ni kazi."

Mkia alitaka kujibu, lakini honi ya basi ikalia ndani ya simu, na simu ikakatika. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke. Kumpita mzee lilikuwa jambo la kukanyaga mafuta tu. Hakukanyaga. Kibarua kikiota nyasi, nyumbani watakula nini?

Hatimaye utepe ukaonekana. Bendi ikapuliza tarumbeta. Wakaguzi wakasimama, wapiga picha wakapiga magoti, mkurugenzi akainua medali huku meno yote yakiwa nje.

Mzee akapunguza mwendo. Akaiacha barabara, akasukuma geti la mabati kando ya duka la kinyozi, kisha akarudi kumpa Mkia mkono kupitia dirishani.

"Haya, mimi ndio nimefika. Ahsante kwa kunisindikiza. Tangu nitoke lindoni sijapata usafiri, barabara zote zimefungwa." Akachungulia huku na huku. "Hivi hizo mbio zenyewe zinapita saa ngapi?"