Kesi ya Ulimi Ulioungua

Mogesi alitoa ulimi nje mbele ya korti nzima, akaupinda huku na huku ili hakimu auone vizuri. Hakimu akavaa miwani, akainama, akachungulia. Ulimi ulikuwa mzima, mwekundu, hauna hata kovu.

"Uliungua hapa," Mogesi alisema, akigusa ncha. "Siku ya mnada wa mwezi uliopita, nyumbani kwa Magige, kule Turwa. Tulikaa wawili kwenye chungu cha pombe tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi zizini. Akaongeza maji ya moto chunguni, asiniambie. Nikavuta kwa mrija, nikaungua. Nadai mtamba mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Tarime ya mwaka ule wa hamsini na nne ilikuwa imekwisha kuonja utamu wa kushtakiana. Mtu akijikwaa kwenye jiwe la jirani, mbio kwa karani. Lakini hili lilipita kiasi. Pombe ya chungu hunywewa moto, na mtoto wa Kikurya hulijua hilo hata kabla ya kuota meno yote. Mzee mmoja wa benchi la mbele hakuweza kujizuia.

"Mdomo wake, mrija wake, pumzi yake," alisema kwa sauti. "Au Magige alimvutia?"

Magige mwenyewe, pale kizimbani, hakucheka. Moyo ulimuuma. Yeye na Mogesi walitahiriwa asubuhi moja, na tangu siku ile hawakuwahi kunyimana kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, naye alikuwa akiusema msemo huo kila siku bila kudhani kuwa nguo yenyewe ni Mogesi. Tena mtamba aliyedaiwa alikuwa wa pekee, amewekwa kwa mahari ya mwanawe, Matiko.

Hata hivyo dalili alikuwa ameziona. Tangu Mogesi aingizwe katika inchama, lile baraza la siri la wazee, alikuwa amebadilika. Mambo ya humo hayasemwi nje. Anayeyatoa, kiapo humla yeye na watoto wake. Basi majuma yale ya mwisho Mogesi alikuwa akija nyumbani, anakaa, anafungua kinywa, anakifunga, anaondoka bila hata kumtazama mwenyeji wake usoni. Magige aliita hicho kiburi cha ukubwa. Kisha ikaja hati ya kuitwa shaurini.

Asubuhi ile mkewe, Bhoke, alijaribu kumtuliza.

"Baba Matiko, si aliungua kweli? Tena wewe ndiye uliyemimina maji, ukamcheka. Mwambie pole, yaishe."

"Pole ni kukubali kosa. Nikikubali, mtamba anakwenda. Nitasema sikuwapo nyumbani. Majirani wote walikuwa mnadani, nani aliniona?"

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Nawe ukiulizwa, utasema hivyo hivyo."

Sasa hakimu alimruhusu Mogesi kumuuliza mshtakiwa maswali. Mogesi akasogea karibu. Sauti yake ilitetemeka, na watu wakadhani ni aibu.

"Magige, siku ile ya mnada ulikuwa nami au hukuwa nami?"

"Sikuwa nawe."

"Mura, ndugu yangu, fikiri vizuri."

"Nimefikiri."

"Basi mtamba simtaki tena. Sitaki hata kuku. Kubali tu kwamba tulishinda pamoja, karani aandike."

Watu wakainuka kwenye mabenchi. Hata wale wageni waliosimama dirishani na mablanketi yao, watu wa Machochwe waliokuja kufuatilia ng'ombe wao walioibwa, walinyoosha shingo. Magige akamtazama rafiki yake kwa uchungu. Mogesi huyu wa sasa hatoi bure. Leo ukikubali ulikuwa naye, kesho atarudi na madai ya mitamba miwili.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, "siku ile sikuwa nyumbani. Niliondoka alfajiri, peke yangu, nikarudi giza limeingia. Mtu huyu ni mwongo."

"Unaapa?"

"Naapa."

Bhoke akaitwa. Alitazama chini, akasema alivyoagizwa.

Hakimu akavua miwani. "Shauri limetupwa," alisema. "Na hata kama ungeungua, Mogesi, mtu mzima huupima moto kwa ulimi wake mwenyewe. Kila mtu abebe la kwake. Korti hii si mama wa kumpulizia mtu uji."

Vicheko vikarudi, na safari hii Magige alicheka kuwashinda wote. Mtamba amepona! Akashuka kizimbani kifua mbele, akampita Mogesi bila kumsalimu, akimwonea kinyaa kwa urafiki wote alioutupa kwa tamaa ya mnyama mmoja.

"Magige," hakimu aliita. "Unakwenda wapi? Rudi. Shauri linalofuata ni lako pia."

Askari wawili walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni. Wageni wa Machochwe waliingia ndani mmoja mmoja, wakapanga mstari ukutani.

"Ng'ombe wa watu hawa walichukuliwa mchana, siku ya mnada," hakimu alisema. "Wazee wa inchama wametuletea jina lako. Je, unaye mtu yeyote wa kutuambia siku ile ulikuwa wapi?"

Magige akageuka kumtafuta Mogesi. Mogesi alikuwa ameketi sakafuni, mikono kichwani, analia.